Bomba Lililokatazwa Kupumua

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Nimeshauriwa nianze hivyo, na mimi ni mtu wa kutii. Ukisoma ukaona inafanana na kwenu, tafadhali kanawe uso, kwa sababu kwenu mambo kama haya hayawezi kutokea, au siyo?

Basi, nchi yenyewe inaitwa Nyanyuko, nayo imo shimoni. Milima imetuzunguka pande zote, na sisi tumo katikati, chini. Lakini katiba yetu, ibara ya kwanza kabisa, inasema Nyanyuko ni nchi iliyoinuka, na kutamka neno "bonde" hadharani ni kosa la jinai. Ndiyo maana mtaa wetu, ambao ndio wa chini kuliko yote, unaitwa Kilima Chini. Mvua ikinyesha, maji ya taifa zima huja kwetu. Hayo hayaitwi mafuriko, maana nchi iliyoinuka itafurikaje? Yanaitwa Ugeni wa Maji, na yana wizara yake, Wizara ya Ukarimu wa Maji, yenye maneno ya dhahabu juu ya mlango: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka wa ule ugeni mkubwa, wenyeji kumi na wanne hawakupona. Wizara ikatoa taarifa kwamba walimsindikiza mgeni wao wakachelewa kurudi.

Mimi naitwa Zuwena Faki, mwandishi wa mihtasari katika Wizara hiyo kwa miaka kumi na tisa. Kwetu muhtasari huandikwa kabla ya kikao. Nimesikia ziko nchi ambako watu huongea kwanza ndipo wakaandika, nikashangaa sana, kwa sababu mtu akiachiwa aongee bila muhtasari anaweza kusema lolote. Kwetu mkubwa anaamua, mimi napiga chapa, kisha wajumbe wanaitwa kuja kuyasema yaliyoandikwa. Kikao huisha upesi na chai inakuwa bado ya moto.

Kazi hiyo nilipewa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Machano Tebwe. Msinifikirie vibaya, ni ndugu yangu wa kunyonya. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa, nyumba ya pili kutoka kwetu, na mama yangu, Bi Mwatime, alikuwa na mimi kifuani, mtoto wa miezi minne. Akamchukua na yeye. Ziwa la kulia likawa langu, la kushoto likawa lake. Mpaka leo bega la kushoto la Mama limeshuka kidogo kuliko la kulia, na wageni wakija hulionyesha kwa fahari: "Hapa pamevutwa na Waziri."

Mama ana miaka sabini na minane na miguu imemkataa. Kila masika nilimbembeleza ahame Kilima Chini, na kila masika alinijibu hivi hivi.

"Nihamie wapi, mwanangu? Maji yote ya nchi hii yako mkononi mwa Machano. Ataniachaje?"

Kisha Machano akaja kweli, na magari saba. Akapiga magoti mbele ya kitanda cha Mama, wapiga picha wakasogea, akasema, "Mama, masika haya hutalowa hata unyayo. Naleta mtambo." Mama akamshika kichwa akamwombea dua. Mimi nikalia. Nililia kweli jamani, wala sikuwa nimeandikiwa.

*

Mtambo wenyewe ulikuwa pampu kubwa ya dizeli. Ingekaa katika shimo la zege nyuma ya zahanati ya mtaa wetu, ivute maji, iyapandishe Kilima cha Heshima wanakokaa wakubwa, kisha yateremke upande wa pili mpaka mtoni. Jina rasmi likawa Mtambo wa Kusindikizia Wageni. Kilichobaki ni kuchagua bomba, na kwa hilo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Bomba, wajumbe watano, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua bomba zaidi ya lile la kunawia.

Mimi ndiye niliyemleta Fundi Vuai Shekue. Lifahamike hilo tangu sasa. Alikuwa jirani yetu, amezeeka kwenye pampu, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimebaki ndani ya mashine fulani. Popote alipopita na spana yake hakuacha kugonga bomba akasikiliza. Nilimwambia, "Twende, Fundi, Kaka Machano anahitaji mtu anayejua." Akavaa koti lake la arusi ya binti yake tukaenda.

Mjumbe wa kwanza akapendekeza shaba, kwa kuwa inang'aa. Wa pili akapendekeza mianzi, kwa kuwa ni utamaduni. Yote hayo nilikuwa nimeyapiga chapa jana yake. Ndipo Fundi akapewa nafasi.

"Chuma," akasema. "Bomba nene la chuma, vipande vinavyofungwa kwa bolti. Maji yanapandishwa mlima, yanasukuma kwa nguvu. Plastiki nyepesi haitastahimili."

Waziri, aliyekuwa mwenyekiti, akafungua karatasi zake. "Ukurasa wa tatu," akasoma. "Fundi alisema plastiki nyepesi ndiyo bora."

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa."

"Hujasema bado," Waziri akamjibu kwa upole. "Sasa hivi ndio tumefika ukurasa wa tatu."

Plastiki yenyewe ilikuwa pale mezani, kipande kimoja. Yalikuwa mabomba ya kuteremshia maji ya mvua kutoka kwenye paa, yale meupe, yanayotengenezwa na kiwanda cha shemeji yake Rais. Fundi akakigonga kwa spana. Kikalia kama kopo tupu.

"Hili ni la nyumba," akasema. "Linabeba maji yanayoteremka yenyewe. Hamuwezi kulifunga kwenye pampu."

"Litapakwa rangi ya chuma," akasema Katibu Mkuu, mtu wa shahada tatu.

Hapo Fundi alipaswa kunyamaza, kwani Nyanyuko kitu kikipakwa rangi kimeshatengenezwa. Zahanati yetu imepakwa rangi mara nne, na kwa mujibu wa Wizara haijawahi kukosa dawa. Lakini Fundi Vuai hakuzoea vikao.

"Basi, kama plastiki ni lazima, nipeni hewa," akasema. "Nipeni kitu kimoja tu. Bomba likipanda mlima na kushuka, hewa hujikusanya pale juu kileleni. Inalala pale kama mtu aliyelala mlangoni, maji yakija hayapati pa kupita. Pampu inasukuma, hewa inabanwa, mwisho bomba linapasuka. Pale kileleni lazima tuweke vali ya kutolea hewa. Bomba lazima lipumue."

"Linapumuaje?" akauliza Katibu Mkuu.

"Linatoa hewa, mzee. Kwa sauti. Linaanza pssss, halafu pruuu."

Kilele cha Kilima cha Heshima, ambako bomba lilipangiwa kupita, kiko mbele ya baraza ya Waziri, pale anapowapokea mabalozi.

"Yaani," Waziri akasema taratibu, "bomba la serikali litajamba."

"Litatoa hewa, Mheshimiwa."

"Mbele ya mabalozi."

"Likizuiwa litapasuka."

"Haliwezi kujizuia saa za kazi tu?" akauliza Katibu Mkuu. Aliuliza kwa dhati, nami nilimwona akiandika swali lake pembeni ili alikumbuke.

Waziri akafunua ukurasa wa nne. "Kuhusu hewa," akasoma. "Wajumbe waliafikiana kwamba ndani ya bomba hamna hewa." Wajumbe wakaafikiana. Akafunua ukurasa wa tano, akamtazama Fundi, akangoja. Wajumbe nao wakamtazama. Chai ikaletwa, hakuna aliyeigusa.

"Mnangoja nini?" Fundi akauliza.

"Ukurasa wa tano," nikamnong'oneza kwa aibu. "Fundi alicheka kwa furaha, akaishukuru Kamati, akatia saini."

Fundi akachukua spana yake akainuka kuondoka. Nikamkimbilia koridoni, nikamshika mkono, ule wa vidole vitatu.

"Fundi, nakuomba. Ukitoka hapa hakutakuwa na mtambo kabisa. Masika yamebakiza wiki tano. Fikiria Mama pale kitandani. Ile ni karatasi tu, tia saini, mengine Kaka Machano atayaweka sawa. Ni ndugu yangu. Hawezi kumtupa mama aliyemnyonyesha."

Akageuka. "Unamwamini?"

"Namwamini kama nafsi yangu."

Akarudi ndani akacheka. Tangu nizaliwe sijasikia kicheko kibaya kama kile, lakini muhtasari haukutaja ubora. Akatia saini, chai ikanywewa.

*

Mabomba yakalazwa kutoka zahanati mpaka kileleni na ng'ambo ya pili, yakapakwa rangi ya kijivu cha chuma. Hata kutu kidogo ilichorwa kwenye maungio ili yaonekane ya kweli. Watoto wa shule wakaletwa kuyaimbia.

Asubuhi moja Fundi Vuai akaja kwetu, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda cha Mama, akapokea kahawa.

"Bi Mwatime," akasema, "nimefanya utundu."

"Utundu gani na uzee huo?"

"Kule kileleni, kwenye yale maua mekundu ya Waziri, karibu na ngazi, nimeweka vali. Ndogo, kama kidole gumba. Mdomo wake nimeuelekeza chini kwenye udongo ili sauti isisikike sana. Plastiki ni ile ile dhaifu, lakini ikipumua, na mimi nikiuendesha mtambo polepole, itavumilia. Nimepiga hesabu mara tatu."

Mama akacheka mpaka machozi. "Kwa hiyo litajamba mauani!"

"Litajamba mauani, na wewe utakaa pakavu."

Tukacheka wote watatu. Nilikuwa na furaha siku hiyo ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona uchungu, kwa sababu ya kile nilichokwenda kufanya nayo.

Ijumaa nilikwenda kwa Machano na bakuli la visheti vya Mama. Alikuwa peke yake barazani, amevua viatu, na kwa dakika chache alikuwa yule yule Machano wa kugombania ukoko. Akala vitatu mfululizo. Nikasema, kwa nia njema, kwa mapenzi, Mungu ni shahidi yangu:

"Kaka, usiwe na wasiwasi tena juu ya Mama. Fundi ameliwekea bomba pumzi."

Akaacha kutafuna. "Ameweka?"

"Ameificha vizuri. Haitakuaibisha."

"Alhamdulillahi," akasema, akanishika bega. "Dada yangu, umenitua mzigo. Ameiweka wapi hasa?"

Alikuwa hajaniita dada tangu alipoapishwa. Nikamwonyesha kwa kidole. Pale, Kaka, kwenye maua mekundu, karibu na ngazi. Akapangusa sukari midomoni na kunisindikiza mwenyewe mpaka getini. Nilirudi nyumbani nikiimba.

*

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Kwa itifaki ya Nyanyuko, mradi bila jiwe la ufunguzi si mradi, na jiwe hili lilikuwa kubwa kuliko yote niliyowahi kuona, marumaru nyeusi yenye jina la Waziri, limejengewa kwa zege juu ya bomba, kileleni, karibu na ngazi. Maua mekundu hayakuwapo. Nikajiambia yamepandikizwa mahali pengine. Nikajiambia mafundi wa jiwe bila shaka waliiona ile vali wakaiheshimu. Nilijiambia mengi. Niseme ukweli hapa: nilijua. Nilijua pale pale, nikajikataza kujua, kwa sababu kama lile jiwe lilikuwa kile nilichodhani, basi ndugu yangu hakuwa ndugu yangu.

Fundi Vuai aliona kutoka mbali. Akaja mbio na spana mkononi. Mtu wa itifaki akamsimamisha kwenye kamba.

"Wameizika vali! Wameziba pumzi! Ng'oeni hilo jiwe!"

"Jina lako halimo kwenye ratiba, mzee."

Waziri akahutubia. "Wananchi wa Nyanyuko! Adui zetu walisema hatutaweza kumsindikiza mgeni! Leo, kwa busara ya Rais wetu, mgeni atapanda mlima huu kwa heshima zake zote, na kuteremka kwa heshima zake zote! Nani kama sisi?"

"Hakunaaa!" tukajibu.

Mvua ilikuwa bado, kwa hiyo shimo halikuwa na maji ya kuvuta. Haikuharibu sherehe. Mtambo uliwashwa ukanguruma kidogo, na ng'ambo ya pili, vijana wa chama wakamimina ndoo mbili mdomoni mwa bomba, maji yakatiririka mtoni mbele ya kamera, watu wakapiga vigelegele.

Jioni, kabla sijaondoka, Machano akanikabidhi bahasha ya kaki iliyofungwa kwa lakiri. "Muhtasari wa kikao kijacho," akasema. "Usiifungue mpaka mvua ipite. Utaisoma mbele ya Kamati." Sikuona ajabu yoyote, ingawa huu sikuupiga chapa mimi. Mihtasari yetu hutangulia siku zote. Nikaiweka kabatini ofisini, nikafunga kwa ufunguo.

*

Mvua ilianza Jumanne mchana, na saa tisa maji yalikuwa kwenye kizingiti chetu. Nilikuwa nyumbani na Mama. Tukasikia mtambo ukiwaka kule zahanati, ukinguruma vizuri, na Mama akatabasamu.

"Unasikia? Mwanangu huyo."

Maji yakapanda. Yalifika kwenye miguu ya kitanda. Mtambo ulizidi kunguruma, na maji yalizidi kupanda. Nikampigia Machano. Akapokea mwandishi wake: "Mheshimiwa yuko kwenye kikao cha kuwapokea wageni." Nikamwambia wageni wako chumbani kwa mama yake. Akaniuliza kama wana miadi.

Yaliyotokea kileleni alitusimulia Fundi baadaye. Alipoona maji hayapiti, alipunguza mtambo, akakimbia kupanda mlima na nyundo ili alivunje jiwe. Askari wakamzuia, kuvunja jiwe la ufunguzi ni uhaini. Akawaambia wekeni masikio yenu kwenye bomba, msikilize. Mmoja aliinama akasikiliza, akarudi nyuma hatua tatu. Bomba lilikuwa limevimba. Fundi akawaambia kimbieni, akateremka yeye mwenyewe mbio, na alipofika nusu ya njia, likapasuka. Tulisikia huku chini. Ufa ulianzia chini ya jiwe ukafuata bomba lote mpaka zahanati, na kila tone lililopandishwa likarudi kwetu pamoja na ndugu zake.

Fundi aliingia kwetu maji yakiwa kifuani, nami nimemshikilia Mama juu ya maji. Akampakia Mama mgongoni, akamfunga kwa shuka, nami nikashika koti lake nyuma, tukafika kwenye ngazi ya zahanati, tukapanda paani. Tulikaa pale mpaka asubuhi ya pili. Watu tisa wa mtaa wetu hawakupata paa. Nilikuwa nawajua wote kwa majina.

Pale paani Mama alikuwa akitetemeka, ametazama Kilima cha Heshima muda wote.

"Amekuja?" akaniuliza.

"Nani, Mama?"

"Ndugu yako."

Fundi akageuza uso.

*

Maji yalipopungua nikaitwa ofisini. Kamati ilikuwa imekaa, siku hiyo ikiitwa Tume, chai iko mezani. Nikafungua kabati, nikavunja lakiri, nikaanza kusoma kwa sauti yangu ya kazi.

"Muhtasari wa Tume ya Kuchunguza Kupasuka kwa Bomba. Moja. Tume ilibaini kwamba Fundi Vuai Shekue aliingiza hewa kwa siri ndani ya bomba la serikali, kinyume cha azimio kwamba hewa haimo. Mbili. Mtuhumiwa alionekana akicheka, tazama muhtasari uliopita, ukurasa wa tano. Tatu..."

Nikasita. Waziri akanitazama. "Endelea."

"Tatu. Mheshimiwa Waziri, akibubujikwa na machozi, alitangaza kifo cha mama yake mlezi, Bi Mwatime binti Shomari, aliyekufa maji kitandani kwake kutokana na hewa hiyo. Wajumbe walisimama kwa dakika moja."

Wajumbe wakasimama. Machano akatoa kitambaa, na machozi yakamtoka, yakabubujika sawasawa na ilivyoandikwa.

Nikatazama juu ya karatasi, kona ya kulia, panapoandikwa tarehe ya kupigwa chapa. Ilikuwa Ijumaa. Ijumaa ile ya visheti. Niliondoka kwake nikiimba, naye akaingia ndani, sukari bado vidoleni, akamzika mama yangu.

"Mheshimiwa," nikasema, na sauti haikuwa yangu. "Mama yu hai. Yuko kwa shangazi yangu, anakunywa uji."

"Zuwena, muhtasari haubadilishwi. Wewe ndiye mwenye kazi hiyo."

"Machano, Mama yu hai."

"Dakika moja haijaisha," akasema Katibu Mkuu, akitazama saa.

Sijui kusema kwa maneno mazuri. Nilisalitiwa. Nilisalitiwa na mtu ninayejua sauti yake ya kulia tangu hatujajua kutembea, na kisu alichotumia nilimpelekea mwenyewe, kwenye bakuli, kimefunikwa kwa kawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa ziwa la kushoto. Na nilichokifanya baada ya hapo pia nakisema: nilisimama mpaka dakika ikaisha.

*

Fundi Vuai akashtakiwa kwa kumuua Bi Mwatime kwa kutumia hewa. Nilimpeleka Mama mahakamani kwa kiti cha magurudumu tulichoazima zahanati. Akapaza sauti kutoka nyuma, "Hakimu, mimi ndiye Mwatime! Sijafa! Mtu huyu alinibeba mgongoni!"

Hakimu akavua miwani. "Marehemu haruhusiwi kuingilia kesi yake," akasema, si kwa ukali. "Pole kwa yaliyokukuta." Fundi akapewa kifungo cha maisha.

Jumamosi yake yakawa maombolezo ya kitaifa. Jeneza la mninga lililetwa uwanjani, limejazwa mchanga ili wabebaji wasione aibu. Nilimsihi Mama tusiende.

"Tutakwenda," akasema. "Nataka nimwone mwanangu anavyonililia. Labda walimlazimisha. Labda akiniona..." Hakumaliza. Akaniomba kanga yake mpya.

Tukawekwa mstari wa mbele, hemani, viti vya wafiwa. Machano akaja akishikana mikono na kila mmoja, wapiga picha nyuma yake. Akafika kwa Mama. Akasimama. Mama akainua mkono, ule anaomshikia kichwa anapomwombea.

"Machano," akasema polepole. "Mwanangu."

Akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, akauteremsha.

"Pole sana, bibi," akasema. "Mzazi hana mfano."

Mama akamtazama usoni, kwa utulivu, kwa muda kama wa kupiga bismillahi.

"Nimeshapoa, Mheshimiwa," akajibu.

Machano akasogea kwangu. Mama akaupangusa mkono wake kwa kanga, kidole kimoja kimoja, akauweka mapajani. Tangu siku hiyo hajawahi kumwonyesha mtu bega lake la kushoto.

*

Niliacha kazi, au kazi iliniacha. Karatasi yangu ya kuomba kuondoka ilikutwa imeshajibiwa. Haya mliyosoma ndiyo muhtasari wa kwanza nilioandika baada ya mambo kutokea, kwa hiyo mnisamehe kama una makosa, sikuzoea.

Jumapili tunakwenda gerezani. Wiki ya kwanza Mama alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaufunga kwa kitambaa safi, nikamsukuma mpaka getini. Askari akafungua daftari la wageni.

"Jina?"

"Mwatime binti Shomari."

Akapitisha kidole kwenye orodha nyingine iliyobandikwa ukutani, akakipitisha tena, akajikuna kichwa.

"Bibi, hapa inaonekana wewe ndiye aliyeuawa na huyu mfungwa. Sheria haikuruhusu kumwona."

"Sikuja kumwona," Mama akasema, akampa kile kifurushi cha moto mikononi. "Wewe mpelekee kabla hakijapoa. Mwambie kimetoka kwa marehemu, anamshukuru kwa kumbeba."